Kwa nini ninachokisoma mara nyingi hakikai kichwani?

Swali
Ndugu zangu, nikirudia sura ya baiolojia mara tatu mfululizo, jioni ile naielewa yote, lakini wiki ikipita nabaki na vichwa vya habari tu. Je, nirudie mara nyingi zaidi?

Jibu la kwanza
Kurudia zaidi hakutakusaidia sana. Mwaka 1972 wanasaikolojia Fergus Craik na Robert Lockhart walitoa hoja kwamba kumbukumbu hudumu kwa kutegemea kina cha fikra wakati wa kujifunza kuliko wingi wa marudio. Chukua sentensi isemayo kwamba seli nyekundu za damu ya binadamu, zikishakomaa, hazina kiini. Ukiikariri hivyo hivyo, itabaki sentensi yatima. Ukijiuliza sababu, ukaona kwamba kukosekana kwa kiini huacha nafasi zaidi ya himoglobini inayobeba oksijeni, na kwamba seli isiyo na kiini haiwezi kutengeneza protini mpya za kujikarabati, ndiyo maana huishi takriban siku 120 tu, utakuwa na njia kadhaa za kuifikia: ukisahau moja, nyingine itakufikisha.

Jibu la pili
Naafiki, ila hiyo jioni ndiyo inayokudanganya. Katika jaribio la wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke la mwaka 2006, wanafunzi waliosoma makala upya waliongoza walipopimwa baada ya dakika 5. Baada ya wiki moja, waliongoza wale ambao, badala ya kuisoma tena, walikuwa wamejaribu kuyaandika waliyoyakumbuka bila kuitazama. Basi funga kitabu, andika, kisha ukague, na urudie zoezi hilo baada ya siku kadhaa.

Muuliza swali
Nashukuru. Vipi kuhusu kuunda neno kwa herufi za mwanzo za orodha?

Jibu la kwanza
Hufaa kwa mambo yenye mpangilio usio na sababu ya ndani unayoweza kuifuata, kama ngazi za uainishaji wa viumbe. Kwa mchakato kama usanisinuru, yaani mimea inavyojitengenezea chakula kwa mwanga, ni kupoteza muda, maana utakumbuka herufi na kushindwa kueleza hatua moja inavyozaa nyingine.

Jibu la tatu
Niongeze kwamba maandalizi yafanane na namna utakavyoulizwa. Mtihani ukitaka mchoro wenye majina ya sehemu, uchore mwenyewe bila kutazama, kwa sababu kuutambua mchoro uliochorwa tayari ni kazi tofauti na kuutoa kichwani.