Mafundi matairi Dodoma, mnavunja sensa za upepo za magari ya watu halafu mnasema "hiyo taa haina shida bosi"

Wakuu, salaam. Uzi huu unawahusu wenye Prado, Land Cruiser na Land Rover, na unawahusu zaidi wale wanaotufungia matairi hapa mjini. Mteja analipia matairi manne mapya, anatoka na taa ya njano ya upepo inawaka kwenye dashibodi. Taa hiyo huwashwa na sensa, yaani kile kifaa kidogo kinachopima upepo ndani ya kila tairi na kutuma taarifa kwenye gari. Akiuliza anajibiwa "tutaizima." Nani kakuomba uizime?

Hiyo taa inasema wazi ugonjwa wake. Kwenye Toyota, ikiwaka moja kwa moja ujue kuna tairi lina upepo mdogo. Ikipepesa kama dakika moja ndipo itulie ikiwaka, mfumo hauzipati sensa: imevunjika, betri imekufa, au imefungwa mpya bila kusajiliwa kwenye kompyuta ya gari. Fundi asiyejua tofauti hiyo anajaza 40 psi magurudumu yote na kukutakia safari njema. Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa baridi, siyo saa nane mchana umetoka nalo Manyoni.

Sensa zinavunjwa wakati wa kubandua tairi. Sensa imekaa ndani ya rimu, nyuma ya valvu. Ile pala ya mashine ikibonyeza ukingo wa tairi karibu na valvu, kwisha habari. Inatakiwa kubonyeza mbali na valvu, pande zote mbili za rimu, na wakati wa kuvua na kurudisha uangalie ukingo wa tairi usiilalie sensa. Haichukui hata dakika mbili. Lakini hapa mtu anarukia na mataimbo mawili kama anang'oa kisiki.

Halafu kwenye valvu. Shina lake mara nyingi ni la aluminiamu, na nati yake kwenye Toyota nyingi hukazwa takribani 4 Nm tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Mnaikaza kwa plaizi! Shina linapata ufa usioonekana, na baada ya siku chache upepo unavuja taratibu mteja akidhani ni mwiba wa mgunga. Tairi likifunguliwa, mpira wa kuzuia upepo, nati, kiini cha valvu na kifuniko vibadilishwe. Na kiini kiwe kilichopakwa nikeli. Cha shaba cha kawaida kinashikana kwa kutu na aluminiamu, siku ya kukitoa kinatoka na shina zima.

Lingine linaloudhi ni hii dawa ya pancha inayomiminwa ndani ya tairi. Nyingi zinaziba kitundu cha sensa cha kusomea upepo. Wengine wanachomoa sensa kabisa, wanaingiza tyubu, na sensa inabaki gereji. Inakwenda wapi, wenyewe mnajua.

Betri ya sensa imezibwa humo humo, haibadilishwi, na hudumu kati ya miaka 5 na 10. Kwa hiyo gari la 2015 lenye sensa zake za kiwandani likibadilishiwa matairi, mwambie mteja achague kuzibadilisha hapo hapo, siyo umfungulie tena mwezi ujao na umtoze upya. Masafa ya redio ambayo sensa hutumia kuwasiliana na gari nayo yaangaliwe: zipo za 315 MHz na za 433 MHz, na hazisikilizani. Gari lililotoka Uingereza halikubali sensa ya 315 hata ubembeleze vipi. Magari mengi ya Japani hayana mfumo huu kabisa, na bado kuna watu wanauziwa sensa za magari hayo. Huo ni wizi.

Kabla tairi halijafungwa, piga picha namba ya kila sensa. Toyota nyingi zinataka namba hizo ziingizwe kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Sensa ya zamani isitupwe, kwa sababu kama bado ina uhai namba yake inaweza kunakiliwa kwenye mpya.

Sasa rimu, na hapa ndipo watu watakufa. Prado 150 na Land Cruiser 300 zote zina nati 6 zilizopangwa kwenye mduara wenye kipenyo cha milimita 139.7, basi mnasema zinaingiliana. Tundu la katikati la rimu ya Prado 150 ni milimita 106.1, la 300 ni 95.1. Ukifunga rimu ya Prado kwenye 300, inaning'inia kwenye nati peke yake, usukani unatetemeka, mnasingizia balansi. Tena rimu nyingi za aluminiamu za Toyota za kiwandani hutumia nati yenye washa bapa, ilhali nyingi za dukani zinataka nati ya koni. Ukichanganya, nati inalegea yenyewe barabarani. Nati za Prado zinakazwa 112 Nm kwa spana ya kipimo, kwa kuruka upande wa pili, bila oili kwenye bolti. Bunduki ya upepo ni ya kufungulia. Nati zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 50 hadi 100: anayekwenda Singida asimame Bahi azikaze.

Anayejua gereji hapa Dodoma yenye spana ya kipimo na mashine ya kusajili sensa, aseme ina vifaa gani na inatoza shilingi ngapi kwa gurudumu. "Nicheki PM" hatutaki.