Mrejesho: Linux ya flashi ya kugawa diski

Wakuu, ahsanteni. Niliuliza nitumie Linux gani nyepesi ya kuwashia kutoka kwenye flashi, ili nipunguze patisheni (kipande cha diski) ya Windows na kuongeza ya Linux iliyo kulia kwake. Laptop yenyewe ina RAM ya GB 2.

Nilianza na Puppy Linux. Inajipakia kwenye RAM na inakimbia kweli, ila mimi nilikuwa na kazi moja tu, nikahamia GParted Live, Linux ndogo ya kugawa diski tu. Nimebaki hapo hapo.

Kilichonitesa si Linux. Patisheni ya Windows, yenye mfumo wa faili wa NTFS, iliwekewa alama ya onyo na ikakataa katakata kupunguzwa. Kumbe Windows ilikuwa haijazimwa kabisa; ile Fast Startup huiacha imelala nusunusu. Nikarudi Windows, nikaiondoa hiyo Fast Startup, nikazima laptop vizuri, nikawasha tena kwa flashi. Ikakubali.

Kingine: GParted hupanga kazi foleni tu, diski haiguswi mpaka ubonyeze tiki ya kijani juu. Nilikaa dakika kumi nzima nikisubiri kitu ambacho hakijaanza (msinicheke). Nafasi iliyopatikana ilikuwa kushoto kwa patisheni ya Linux, kwa hiyo ilibidi data yote ihamishwe. Kupunguza NTFS kulikwisha haraka. Kuhamisha kulichukua zaidi ya saa mbili, chaji ikiwa imechomekwa muda wote.

Na aliyenisisitizia bekapu: niliifanya, japo kwa kununa. Sikuihitaji safari hii.