Kombi ya 1974 inayokula oili: nibadilishe pistoni na silinda peke yake, au niipasue injini yote?

KombiIringa

Habari zenu ndugu zangu. Ninayo Volkswagen Kombi ya mwaka 1974, yenye injini ya 1600 inayopozwa kwa hewa, ambayo marehemu baba aliigeuza kuwa gari la kulala safarini kwa kuiwekea kitanda cha kukunja, kabati na jiko dogo la gesi. Ninataka kuifufua kwa mikono yangu mwenyewe hapa nyumbani Iringa, bandani, jioni na siku za mapumziko. Nina jeki, spana za kutosha na uvumilivu, ingawa injini ya aina hii sijawahi kuifungua.

Hali yake ni hii: inakula karibu lita moja ya oili kila kilomita 500, inatoa moshi wa bluu, hasa ninapoachia pedali ya mafuta kwenye mteremko mrefu, na ikishapata moto, taa ya oili humetameta gari linaposimama huku injini inanguruma taratibu. Mwezi uliopita tulipokuwa tukipanda mlima wa Kitonga kutoka upande wa Mikumi ilipoteza nguvu, nikalazimika kusimama mara mbili ili ipoe. Nimepima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda, injini ikiwa moto na plagi zote zimetolewa, nikapata psi 95 katika silinda ya kwanza, 92 katika ya pili, 60 katika ya tatu na 94 katika ya nne.

Fundi mmoja amenishauri ninunue seti mpya ya pistoni na silinda, kwa sababu zinaweza kufungwa bila kuipasua injini yenyewe, yaani bila kuzitenganisha nusu mbili za kasha lake. Je, ushauri huo unatosha?

FundiMstaafuTanga

Kijana wangu, pole na msiba wa baba, na hongera kwa kupima kabla ya kununua, maana wengi hununua kwanza. Nimezifanyia kazi injini hizi kwa miaka mingi, na dalili ulizozieleza hazinielekezi kwenye pistoni.

Anza na vipimo vyako. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya kwetu Tanga kwa takriban sehemu moja katika sita, kwa hiyo injini inayosoma psi 113 hapa itasoma karibu 94 huko kwako. Maana yake ni kwamba silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zinafanya kazi kwa kiwango kinachokubalika, na mgonjwa ni mmoja tu, yaani ya tatu. Kabla ya kuihukumu, acha injini ilale usiku kucha, kisha asubuhi ikiwa baridi kabisa rekebisha tapeti zote (visukuma-vavu) kwa nafasi ya mm 0.15 na upime upya. Usifuate ile desturi ya kumimina kijiko cha oili ndani ya silinda ili kupima ringi (pete za pistoni), kwa kuwa silinda za injini hii zimelala, na oili hutuama upande wa chini tu bila kuzunguka ringi. Ni bora uingize hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi wakati vavu zote mbili za silinda hiyo zimefungwa, kisha usikilize: hewa ikitokea kwenye ekzosi, vavu ya kutolea moshi haikai vizuri; ikitokea kwenye kabureta, ni vavu ya kuingizia; na ikitokea kwenye mdomo wa kujazia oili, hapo ndipo utazilaumu ringi.

Moshi wa bluu unaotoka ukiachia mafuta kwenye mteremko nao una maana yake. Wakati huo kabureta imefungwa huku injini inazungushwa na magurudumu, kwa hiyo mvuto ndani ya njia za hewa huwa mkali na huifyonza oili kupitia gaidi za vavu (mirija ambamo vavu huteleza) zilizolika. Hilo ni suala la silinda hedi, yaani kichwa cha injini chenye vavu, wala seti mpya ya pistoni haitaligusa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile taa. Swichi yake huiwasha pale shinikizo la oili linapobaki psi chache sana, kwa hiyo taa inayometameta imechelewa kukuambia. Injini hii hubeba lita 2.5 tu za oili na haina filta ya karatasi, ina wavu tu, na kilichoharibika chini, kwenye beringi za kranki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), hukijui bado. Fanya jambo moja kesho: zima injini, shika puli ya kranki kwa mikono miwili, uivute kwako na kuisukuma. Ukisikia inagonga, azima kipimo cha mshale, kile cha kupimia mwendo mdogo, na unipe namba. Kranki inatakiwa itembee kati ya mm 0.07 na 0.13, na mwisho wa kuvumilia ni 0.15.

SafariNakuru

Naunga mkono maneno ya mzee, nami nayasema kwa maumivu. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga pistoni na silinda mpya juu ya injini ambayo puli yake ilikuwa ikicheza, kwa sababu fedha za kazi nzima sikuwa nazo na familia ilikuwa imeshaahidiwa safari ya Turkana. Kompresheni ilipanda vizuri sana, na nguvu hiyo mpya ikaanza kuzipigapiga beringi zilizokuwa tayari zimelegea, hata kabla ya kilomita 4,000 kupita injini ikawa inagonga kama nyundo. Niliifungua tena na kulipia upya hata gasketi nilizokuwa nimezinunua.

Pia kagua jinsi hewa inavyoingia na kutoka. Mpira unaozunguka injini, ule unaotenganisha chumba cha juu na hewa ya moto ya chini, mara nyingi huwa umeoza au umetupwa, na mabati madogo yanayozifunika silinda huachwa nje na mafundi wanaoona hayana kazi. Yakikosekana, feni huivuta tena hewa ileile iliyokwisha kuchemka. Silinda ya tatu huumia kwanza, hasa katika injini za kabla ya 1971 ambazo oil kula yake (kipoza oili) ilisimama ndani ya ganda la feni, ikaizuia hewa isiifikie silinda hiyo vizuri. Yako ya 1974 inapaswa kuwa na ganda la baadaye lililoisogeza oil kula hiyo pembeni, lakini hakikisha kwa macho, kwa sababu maganda haya yamebadilishanwa sana. Na Kitonga upande kwa gia ya chini, injini ikizunguka kwa kasi, kwani feni inaendeshwa na kranki na ukiilazimisha gia kubwa unaipunguzia injini hewa wakati ule inapoihitaji zaidi.

KombiIringa

Shikamoo mzee, na asante sana ndugu wa Nakuru. Nimefanya kama mlivyoelekeza. Baada ya tapeti kurekebishwa silinda ya tatu imefika psi 64 tu, na hewa ya kompresa inasikika wazi kwenye ekzosi. Tapeti ya vavu hiyohiyo niliikuta imebana kabisa, haina nafasi yoyote. Mpira wa kuzunguka injini haupo upande mzima wa kushoto. Puli inagonga, na mshale wa kipimo umetembea mm 0.38. Je, kazi hii bado ni ya bandani?

FundiMstaafuTanga

Marahaba. Kwanza usiiendeshe tena. Tapeti inayojibana yenyewe maana yake vavu inarefuka au kiti chake kinazama, na vavu ya ekzosi ikikatika kichwa itaivunja pistoni na hedi kwa pamoja.

Kazi imegawanyika, na sehemu kubwa bado ni yako. Kushusha injini ni kazi ya bandani: ondoa betri kwanza, ziba bomba la petroli, na mipira yote ya petroli uitupe hata kama inaonekana nzima, kwa sababu Kombi nyingi zimeungua kutokana na mpira wa miaka mingi unaovujia juu ya injini yenye moto. Injini inashikwa na bolti nne kwenye gia boksi pamoja na mhimili wa nyuma, na ina uzito wa zaidi ya kilo 100, kwa hiyo usiwe peke yako. Kabla ya kuipasua, ondoa flaiwili (gurudumu zito la mwisho wa kranki) na uzihesabu shimu, yaani pete nyembamba za kurekebisha nafasi, zilizo nyuma yake. Lazima ziwe tatu. Kama beringi namba moja, ile ya upande wa flaiwili inayoizuia kranki isitembee, imekaa imara ndani ya nyumba yake katika kasha la injini, tatizo ni shimu, na utalimaliza kwa kuchagua unene unaofaa. Ukiiona beringi yenyewe inatembea, nyumba imepigwa, na hapo hakuna mkono wa nyumbani utakaoiokoa: nusu mbili za injini zinapelekwa mashine shopu kuchongwa upya kwa mstari mmoja, kisha unanunua beringi zenye kipenyo kikubwa cha nje. Muulize mwenye mashine kama amewahi kuchonga injini ya silinda zilizolala, umwombe akuonyeshe kifaa chake, kwani wengi wana vifaa vya injini za kusimama tu. Hedi nazo wapelekee wakague ufa kati ya viti vya vavu na tundu la plagi.

Nyumba ya injini hii, yaani kasha lake lote, ni ya magnesi, metali nyepesi inayoweza kuwaka. Usiichomelee bandani, wala vumbi lake usiliache karibu na moto, maana likiwaka maji huuzidisha moto. Weka ndoo ya mchanga mkavu.

Wakati wa kufunga, nguvu ya kukaza (hupimwa kwa Nm) kwa konrodi, mikono inayoziunganisha pistoni na kranki, ni Nm 33, nati kubwa za kuunganisha nyumba Nm 34 na ndogo Nm 20. Hedi ni Nm 25 kama nguzo zake ni za mm 8, au Nm 32 kama ni za mm 10. Nati ya flaiwili inahitaji karibu Nm 340, na toki renchi (spana ya kupima nguvu ya kukaza) ya kiasi hicho ni nadra, lakini mtu wa kilo 70 akisimama kwenye bomba lililo mlalo, nusu mita kutoka kwenye nati, anaifikia nguvu hiyo. Ukishaipasua tutumie picha za beringi namba moja kabla hujaifuta oili.