Naomba ushauri: kivinjari gani kinalinda faragha kweli?

Habari zenu wakuu. Niko Uyole, Mbeya. Juzi nilisoma kwenye simu kuhusu ugonjwa wa mama yangu aliyeko Tukuyu, tena kwa dirisha fiche (incognito) la kivinjari. Kesho yake matangazo ya dawa hizo hizo yakanifuata kila nilipofungua. Iliniuma sana, hayo ni mambo ya ndani ya familia.

Sasa nimeelewa kwamba dirisha fiche halihifadhi historia kwenye simu, basi. Mtoa huduma wa intaneti bado anaona tovuti unazoingia. Nafikiria kuhamia Firefox au Brave. Kuna pia kivinjari cha Tor, ila hicho hupitisha mawasiliano kwenye kompyuta tatu za watu wengine kabla ya kufika kwenye tovuti, kwa hiyo ni taratibu, na mtandao wa huku mvua ikinyesha mnaujua.

Je, nikishaingia kwenye akaunti yangu ya barua pepe, kubadili kivinjari kuna faida gani?