Tupeane uzoefu: neno lako kama kijana limewahi kuingia kwenye mpango wa chakula?

Mwanzisha mada, Mbale
Habari zenu ndugu. Nimehudhuria mikutano mingi ya "vijana na kilimo". Tunaandika majina, tunapigwa picha, tunakunywa soda, halafu mpango wenyewe tunausikia redioni. Inaniuma, kwa sababu sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46 hapa Uganda, na karibu nusu yao ni watoto wasiofika miaka 18. Hao ndio watakaoshiba au kulala njaa kwa yanayoamuliwa leo.

Viti tunavyo. Sheria ya Baraza la Taifa la Vijana ipo tangu 1993, bungeni kuna wabunge watano wa vijana, na Mpango wa serikali wa Maendeleo ya Parishi, yaani vijiji kadhaa pamoja (PDM), unatutengea asilimia 30 ya fedha zake. Nataka kusikia kwa aliyesema jambo likaandikwa kwenye mpango na kupewa fungu la fedha. Tusimulie tuliyofanya, tunayoyatamani tuyaache kwa leo.

Mkaushaji, Busia
Sisi wa mpakani tulijua chakula ni siasa Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka. Bei ilianguka, wanunuzi wakatuzungusha wanavyotaka. Baadaye njia ilifunguliwa kwa masharti: mfanyabiashara asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wazee wengi kijijini waliona ni ugomvi wa wakubwa. Lakini kuvu huanzia kwetu nyumbani. Mahindi yanavunwa hayajakauka kwa kuogopa wezi, yanaanikwa juu ya udongo, mvua inayakuta hapo hapo.

Kikundi chetu kilichanga pesa tukanunua kipima unyevu. Mahindi ya kuweka ghalani hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5. Tulipita nyumba kwa nyumba tukipima na kuandika daftarini: huyu kaanika kwenye turubai, huyu chini. Daftari tukalipeleka kwenye kikao cha mipango cha gombolola, ngazi ya utawala iliyo juu ya parishi. Mwanzoni walitaka tuzungumzie michezo, maana vijana wakiingia watu hufikiria mpira. Dada mmoja wa kikundi akasimama, akasoma namba za kijiji kimoja kimoja, na madiwani wa vijiji hivyo wamekaa mbele yake. Kuanzia hapo tukaulizwa maswali ya maana: saruji kiasi gani, kiwanja cha nani, nani atatunza ufunguo wa stoo.

Sakafu ya kukaushia iliingia kwenye mpango wa mwaka uliofuata. Ni moja tu, na tuliomba zaidi, lakini ipo na kina mama wanapangiana zamu.

Mwana wa ukoo, Gulu
Kwangu shida ilikuwa ardhi. Mkopo wa PDM ni shilingi milioni 1 kwa kaya. Sawa, nimeupata, napanda wapi? Ardhi ni ya ukoo. Kijana anaazimwa kipande kwa msimu mmoja, na akishakisafisha vizuri kinarudi kwa mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hawezi kupanda mwembe. Atapanda maharagwe, avune, aondoke.

Nilianza kwa wazee kabla ya ofisi yoyote, nikamwomba mjomba anisemee, kwa kuwa kijana akitaja ardhi peke yake hudhaniwa anataka kuuza. Sheria ya Ardhi ya 1998 inatambua umiliki wa kimila, na inaruhusu watu kuunda chama cha kusimamia ardhi yao ya pamoja. Tulikubaliana kwa maandishi: vijana tutumie eneo lile miaka mitano, lisiuzwe, na mipaka ipandwe miti. Kila sera ya vijana na kilimo ninayosomewa imejaa mbegu na mafunzo. Ardhi ikitajwa ni mstari mmoja, na hapo ndipo wenzangu wengi wanapokata tamaa na kukimbilia bodaboda.

Kijana wa Kotido
Huku kwetu Karamoja, kaskazini-mashariki, mvua ni msimu mmoja, si miwili kama kusini. Mbegu ikichelewa mwezi, mwaka umekwisha. Mwaka 2022 njaa ilitufika na tulizika watu, sitaandika zaidi. Vikaoni vijana tunakaa nyuma ya wazee. Hatukuwaruka. Tuliwaeleza wao kwanza, na mzee mmoja akasimama na kalenda yetu ya mvua akaisemea. Imepokelewa, tunangoja kuona mbegu zitafika lini.

Binti wa Nakivale
Jamani, miye ni mkimbizi kutoka Kongo, naishi kambi ya Nakivale wilayani Isingiro. Baraza la vijana la taifa si letu, sisi tunapitia kamati yetu ya wakimbizi. Mgao wa chakula ulipopungua, wasichana tulipanda lengalenga kando ya nyumba, tukawa tunauza kwa wenyeji. Tuliomba kiti kwenye kikao, tukaruhusiwa kusikiliza tu. Ndipo rafiki yetu mwenyeji, tunayekaa naye sokoni, akaomba maji kwa ajili ya bustani za pande zote mbili. Ombi lake liliandikwa. Njaa ya Isingiro ikija haitauliza kitambulisho, kwa hiyo naomba vijana wenyeji wa kila mahali penye kambi wafanye kama huyu dada.

Mwanzisha mada, Mbale
Asanteni sana. Ninachokiona: wote mlifika kabla karatasi haijafungwa. Bajeti ya taifa husomwa Juni na mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mapendekezo ya parishi na gombolola hukusanywa miezi mingi nyuma. Anayengoja Juni anasomewa tu. Kaka wa Busia, daftari lenu lina safu gani? Tunataka kufanya hivyo hivyo kwa viazi vyetu vya mlimani.

Mkaushaji, Busia
Kijiji, tarehe ya kuvuna, ameanika wapi, unyevu siku ya kuweka ghalani, sahihi ya mwenye mahindi na ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kwa viazi weka vilivyooza shambani na vilivyooza stoo, kila kimoja safu yake. Sahihi ya mwenyekiti isikosekane, la sivyo watawauliza namba mmezitoa wapi.