Mkurugenzi anataka msingi wa sentimita 60 kwenye udongo wa mbuga. Nisaini au nikatae?

InjiniaMbugani
Wakuu, habarini. Mimi ni mhandisi wa halmashauri moja Kanda ya Ziwa, nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Tunajenga madarasa mawili ya sekondari kwa fosi akaunti, yaani tunatumia mafundi wetu bila mkandarasi. Eneo lililotolewa na kijiji ni mbuga tupu, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Nimechimba shimo la majaribio: udongo mweusi unashuka kama mita moja na nusu ndipo moramu (changarawe ngumu) inaanza. Kiangazi hiki nyufa za ardhini zinameza mkono hadi kiwiko.

Nilipendekeza tuutoe udongo wote, tujaze moramu na kushindilia tabaka kwa tabaka. Nikajibiwa kikaoni, kwa mdomo: ramani ya wizara ina msingi wa kawaida, hela ni zile zile, chimbeni sentimita 60, watoto waingie Januari. Mafundi wameshaanza. Sasa natakiwa kusaini hati ya ukaguzi wa msingi ili walipwe. Nikikataa nitaambiwa nakwamisha mradi, na mwenzangu wa wilaya jirani alishawekwa ndani kwa neno hilo hilo. Nifanyeje?

Kokoto
Usisaini. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar, watu 36 wakafa. Waliofikishwa mahakamani ni pamoja na wataalamu wa ujenzi na maofisa wa manispaa.

MzeeWaSaiti
Injinia, pole. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, ana haki ya kukwambia hela hakuna. Udongo unabeba au haubebi, hilo ni lako na Bodi itakuuliza wewe.

Ila usimpelekee "hapana" tupu. Kutoa mbuga yote eneo zima ni ghali kweli, hata mimi ningeshtuka. Chimba mitaro tu hadi kwenye moramu, pandisha kwa mawe, pitisha mkanda wa nondo chini ya kuta. Ndani toa nusu mita, jaza moramu ya kushindiliwa, ndipo umwage jamvi (zege la sakafu). Nje zungushia sakafu ya zege ya mita moja inayomwaga maji mbali na ukuta, na miti isipandwe karibu. Mbuga huumiza jengo pale inapolowa na kukauka kwa zamu.

Kisha andika dokezo sabili (maelezo rasmi ya ndani ya ofisi), ukurasa mmoja. Weka picha ya shimo likiwa na tepu ndani, tofauti ya gharama kwa shilingi, na useme wazi kuwa sentimita 60 ziko ndani ya tabaka linalovimba masika na kusinyaa kiangazi, hivyo kuta zitapasuka kuanzia kona za madirisha. Lipitie masjala, lipewe folio (namba yake kwenye faili). Sampuli ya udongo ipeleke maabara ya TANROADS (wakala wa barabara) mkoani.

Mafundi wasikose haki yao. Kwenye hati andika ulichokiona: uchimbaji wa sm 60 umefanyika, kina hakitoshi. Walipwe uchimbaji, msingi haujapita.

MstaafuTAMISEMI
Nimekaa ofisi ya mkurugenzi. Mhandisi akisema "udongo mbaya" sisi tunasikia "naomba nyongeza". Mwambie kwa heshima kwamba darasa likipasuka ni hoja ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali), na atakayeitwa mbele ya LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za halmashauri, ni yeye. Pia muone mwenyekiti wa kijiji, kiwanja kingine kinaweza kumaliza ugomvi wote.

WakiliKijana
Kuhusu kuwekwa ndani: Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya mamlaka hayo kwa kosa la jinai au uvunjifu wa amani, kwa sababu za maandishi, na ndani ya saa 48 ufikishwe mahakamani. Kutofautiana kitaalamu hakumo. Nakala ya dokezo iwe na mtu nje ya ofisi.

InjiniaMbugani
Nashukuruni sana wakuu. Dokezo limeingia masjala leo, na mkurugenzi ameniita kesho na mchoro wa mitaro. Kiwanja kingine hakipo, mbuga imezunguka kijiji chote. Swali moja: ukuta wa nyuma wameshamwaga zege la msingi kwenye hizo sentimita 60. Nivunje?

MzeeWaSaiti
Vunja kesho hiyo hiyo, kabla hawajapandisha tofali. Vipande vitumike kama kifusi chini ya ile sakafu ya nje.