"Quite good": nimesifiwa au nimeumbuliwa?

Karafuu_Mbichi: Assalaam aleikum. Miye natembeza wageni mashamba ya viungo Kizimbani. Juzi nilikuwa na mzee wa Kiingereza na mkewe. Nikawamenyea shokishoki, nikawakwangulia mzizi wa mdalasini wasikie unavyonukia karafumaiti, bibi nikamsukia kofia ya makuti. Wakacheka, bakshishi wakatoa. Usiku nasoma walichoandika: "Our guide was quite good." Nikafurahi. Bosi wangu anasema nisifurahi, hapo nimeambiwa "wa wastani". Mbona wiki iliyopita Mmarekani kaandika hivyo hivyo na nyota 5 juu? Nisaidieni.

Nungwi_Kaskazi: Wote wawili mna haki. Mmarekani "quite good" yake ni nzuri khasa. Muingereza mara nyingi anapunguza, nzuri kiasi chake. Ila neno lisilopimika, kama "right" au "impossible", hata kwake huwa ni "kabisa". Akikwambia "you're quite right", umepatia, hakuna nusu. Na "quite a few" si wachache, ni wengi. Usiniulize kwa nini.

BiDarajani: Na sauti, wanangu. Muingereza akiikazia "quite" yenyewe, ujue "lakini" iko njiani inakuja. Kwenye maandishi huisikii, ndiyo tabu yake. Angalau wewe umeisoma sawa. Mimi nimesomesha skuli miaka mingi, watoto wanaichanganya na "quiet", yaani kimya, herufi ni zile zile 5. Mmoja aliandika "my grandmother is quite", akaweka nukta. Mpaka leo sijajua bibi yake ana nini.

Mzee_wa_Wete: Kwani siye hatuna hayo? Muulize Mpemba hali, atakwambia "si haba". Hapo kavuna karafuu au kalala na njaa, huwezi kujua. Mama mkwe wangu akionja pweza wangu wa nazi akasema "si mbaya", basi najua nimeharibu.

Nungwi_Kaskazi: 😂 Mkwe Muingereza huyo.

BiDarajani: Ushauri wangu, mshukuru kwa maneno mawili na usimuulize kilichopungua. Bakshishi katoa, kofia kavaa, unataka nini tena?

Karafuu_Mbichi: Ahsanteni. Tatizo nshamjibu tangu asubuhi. Nilimwandikia: "Thank you. You and your wife are also quite good."

BiDarajani: Mwanangu, tafuta palipoandikwa "futa". Sasa hivi.